Mteja kaleta laptopu "imeingia kirusi", nimeisafisha siku mbili. Kumbe kweli ni Kirusi!

#1 Fundi Bisibisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi kompyuta, kibanda changu kiko jirani na stendi. Stendi ipi sisemi, wateja wangu nao wamo humu. Jumatatu alikuja mama mmoja wa makamo, laptopu kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. "Mwanangu, hii imeingia kirusi." Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Ondoa shaka mama, kitatoka." Nikapokea elfu kumi ya kuanzia.

Sasa mimi nina utaratibu wangu. Mashine yenye wadudu siiwashi. Nachomoa diski, naichomeka kwenye mashine yangu, naiskani kwa nje. Nikaskani: sifuri. Nikabadilisha antivairasi: sifuri. Usiku nikaiacha ya tatu ikeshe nayo, asubuhi: sifuri. Hapo nikaanza kuogopa, maana kirusi kisichoonekana ndicho kibaya. Nikampigia mama, nikamwambia kwa sauti ya daktari, "Mama, hiki ni kirusi cha kigeni." Akanijibu kwa upole, "Najua mwanangu. Kaja nacho mpwa wangu, anasoma kulekule."

Sikumwelewa. Nikaendelea na mambo yangu, na jioni ya siku ya pili nikaamua kufuta diski yote nipige Windows upya. Ile narudisha diski nikaiwasha kwa mara ya kwanza, nikakuta imeandikwa Kirusi. Kuanzia neno la kukaribisha hadi kitufe cha kuzimia. Mpwa alikuja likizo kutoka Moscow, akageuza lugha afanye kazi zake, akasahau kuirudisha, akapanda ndege.

Kuirudisha ilikuwa dakika 4.

Uzi huu nimeuleta jukwaa la lugha kwa sababu kule kwa mafundi wangenila nyama. Swali: mdudu wa kompyuta na lugha ya watu wa Moscow vilipewaje jina moja, na nani alipitisha?

#2 Popo wa Mchana

Hii chai, na tangawizi imezidi. Ila nimekunywa yote.

#3 Chumvi ya Mawe

Elfu kumi ulimrudishia?

#4 Fundi Bisibisi

@Chumvi ya Mawe ukaguzi ni kazi, mkuu. Turudi kwenye lugha.

#5 Mwalimu wa Zamu

Mwanzisha uzi, hakuna aliyepitisha. Neno lilijipitisha lenyewe.

Kwa Kilatini *virus* ni sumu, au ute mbaya. Ni jina la kitu kisichohesabika, kama unga au maji, na katika maandishi ya Warumi wa kale wingi wake hauonekani. Waingereza walipolichukua wakaliwekea wingi wa kwao. Baadaye wajuzi wa kompyuta wakajitia ulatini, wakaandika *virii*, kwa i mbili, neno ambalo Mrumi yeyote angelisikia angeuliza hiyo ni lugha ya wapi.

Sisi tukafanya lingine kabisa. Tuliposikia "virusi" masikio yakatwambia: hii ni vi-, kama viti, viatu, vikombe. Maana yake tayari viko vingi! Basi kimoja ni nini? Kirusi. Warumi hawakuwa na wingi, Waingereza wakatengeneza wingi, Waswahili tukaukuta wingi tukatengeneza umoja.

Na majina ya lugha nayo yanapanda gari hilohilo la ki-: Kiarabu, Kigogo, Kirusi. Ndipo walipokutana, bila kupangiana.

#6 Popo wa Mchana

Kwa hiyo Kaspersky, ambayo ni kampuni ya Moscow, inatengeneza programu ya Kirusi ya kuua kirusi.

Naomba nipumzike kidogo.

#7 Kokwa la Embe

😂😂 Na kisarufi hamna pa kutokea. Kirusi kimeingia, kirusi kimeingia. Kirusi kigumu, kirusi kigumu. Upatanisho ni uleule, kinachotofautisha ni herufi kubwa tu, na herufi kubwa haisikiki mdomoni.

Fundi, dawa ninayo. Lugha haina wingi. Mteja mwingine akikwambia imeingia kirusi, muulize: "Viko vingapi?" Akishangaa swali, ni lugha. Akisema "vingi sana", shika diski.

#8 Fundi Bisibisi

@Kokwa la Embe nimeiandika ukutani kwa chaki. Sitanii.

#9 Jamaa wa Nai

Wasee wa Bongo mnanifurahisha. Sisi huku Nairobi mashine ikiharibika tunasema ina "vairasi" na maisha yanaendelea.

Shuleni lakini nilifunzwa tarakilishi, kipakatalishi, rununu, runinga. Mtihani nikapita vizuri. Siku ya kwanza nimetoka geti la shule nikamwambia jamaa wa duka la vifaa "nauliza bei ya kipakatalishi", akaniitia mlinzi. Ila hiyo ya mama kufunga laptopu kwa kanga imenifanya nisamehe lile neno. Kupakata ni kuweka mtoto mapajani. Mama alikuwa anajua kipakatalishi ni nini kuliko mwalimu wangu.

#10 Kokwa la Embe

Mchezo wa kukuta vi- na kuzua ki- hatukuuanzia kwa kirusi. Enzi za mikanda, mtaani kwetu tulikuwa tunaenda "kuangalia kideo" kwa jirani mwenye deki. Video ni vingi, kideo kimoja. Nimekua nikiamini kabisa ndivyo vilivyo.

Halafu kipilefti! Kwa wale wa nje: kwenye mizunguko ya barabara zetu palikuwa na vibao vya Kiingereza vinavyomwambia dereva abaki kushoto. Watu wakasoma kibao wakadhani ndilo jina la mahali. Kipilefti. Na ikiwa kipilefti ni kimoja, basi mji wenye mizunguko mitatu una vipilefti vitatu. Amri ya trafiki imekuwa nomino, imepewa ngeli, imezaa wingi.

#11 Mwalimu wa Zamu

Kirusi ni sawa, kimekubalika hata kwenye maandishi rasmi. Ila tusichanganye mambo, vijana. Kideo na kipilefti ni uhuni wa mitaani. Neno la kigeni lina mwili wake, huwezi kulikata kichwa kwa sababu tu kichwa kinafanana na cha jirani yako. Lugha ina wenyewe.

#12 Binti Mkunazini

Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini hapo kwenye "kukata kichwa" mwalimu kanitoa chumbani.

Kaka yangu Mwalimu wa Zamu, *kitabu* umekitoa wapi? Kwa Waarabu ni kitaab, na ki- yake si kiambishi, ni ya mzizi: k, t, b. Mzizi huohuo ndio uliotupa katibu, maktaba na mkataba. Wingi wao ni kutub. Sisi tukakata ki- ya watu tukaweka vi-, tukasema vitabu. Mwarabu akisikia "vitabu" hajui hata ni neno lake. Huo uhuni mbona unaufundisha darasani?

Na mswaki jee? Neno la Kiarabu ni miswaak, kimoja hicho, kijiti kimoja. Tukasikia mi-, tukasema aa, hii ni miti, mikeka, mikoba, basi ni mingi. Tukarudi nyuma tukatengeneza *mswaki*. Kimoja chao kikawa wingi wetu, kama hicho kirusi chenu. Mkasi vivyo hivyo, kwao ni miqass.

Basi kideo kina kosa gani ambalo mswaki hauna? Umri tu.

#13 Popo wa Mchana

Mwalimu kapigwa mswaki.

#14 Chumvi ya Mawe

Wazanzibari wakianza na "kaka yangu" jua umekwisha.

#15 Kokwa la Embe

Binti Mkunazini shikamoo popote ulipo. Nakuongezea silaha.

*Wakati*. Kiarabu, waqt, na w yake ni ya mzizi. Sisi tukaiona inafanana na wimbo, wembe, wavu. Wimbo nyimbo, wembe nyembe, wavu nyavu. Basi wakati nyakati. Waraka nyaraka. Mpaka hapo ni Kiarabu tu. Akaja Mwingereza na nguzo zake za umeme na neno lake, tukalitamka waya. Mnajua kilichofuata: NYAYA. "Nyaya za umeme zimeanguka." Inasomwa kwenye taarifa ya habari na mtangazaji mwenye tai, na hakuna anayesema ni uhuni.

Mpe neno Mswahili, kitu cha kwanza anachotafuta ni kichwa. Maana yake atauliza baadaye.

#16 Popo wa Mchana

Kwa mantiki hiyo waziri mmoja aitwe mziri. Mziri wa fedha.

#17 Kokwa la Embe

😂 Waziri alijikinga mapema. Ana wa- ya kuzaliwa nayo, tukamwongezea ma- juu yake: mawaziri. Wakili mawakili. Wakala mawakala. Hao hawakukatwa.

#18 Chumvi ya Mawe

Wenye vyeo hawaguswi. Wanaokatwa ni waya na mswaki.

#19 Binti Mkunazini

Kuna mwenye cheo mmoja aliguswa. Neno la Kiarabu ni mu'allim. Tukaichukua ile mu- yake tukasema ni m- ya mtu, mkulima, mvuvi. Akawa *mwalimu*, na wingi wake walimu.

Kwa hiyo Mwalimu wa Zamu, hata jina lako humu jukwaani ni uhuni wa mitaani. Uliokomaa.

#20 Jamaa wa Nai

Aki huyu dada! Mwalimu, kuja ujitetee.

#21 Mwalimu wa Zamu

Nipo. Nilikuwa nasahihisha daftari.

Nakubali kuhusu kitabu, na mswaki sikuujua, ahsante Bi Mkunazini. Ila bado nasema kuna tofauti ya neno lililotumiwa na washairi kwa karne na neno lililotungwa na kondakta. Na mbona mchezo wenu hauli kila kitu? Kilo moja, kilo mbili. Hakuna anayesema vilo viwili vya sukari. Kama kanuni ingekuwa na nguvu hivyo, kilo ingepona vipi?

#22 Kokwa la Embe

Hoja hiyo nzuri, sikatai. Nadhani ni kwa sababu kilo ni kipimo. Vipimo huwa havibadiliki: futi moja futi kumi, lita moja lita kumi, mita moja mita kumi. Kilo ikafuata wenzake.

#23 Chumvi ya Mawe

Mangi wa dukani kwetu akisikia "vilo viwili" atadhani unaomba mkopo.

#24 Jamaa wa Nai

Mwalimu amesema kondakta, sasa mmeniingiza kwa laini yangu.

*Matatu*. Zamani nauli ilikuwa senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Gari likabaki na jina la bei. Na hapo masikio ya Mswahili yalikuwa na nafasi ya dhahabu: ma- ya wingi, tayari imejileta! Lakini hakuna mtu Nairobi husema "nimepanda tatu moja". Moja ni matatu, mia ni matatu. Nyinyi nanyi mna daladala, kutoka ile "dala", shilingi tano ya zamani. Nchi mbili, zote zimeita gari kwa jina la nauli ambayo haijaonekana tena tangu nizaliwe.

Naongea hivi na ndani ya matatu nimelipa shilingi mia.

#25 Fundi Bisibisi

@Jamaa wa Nai matatu imepona lakini madigadi haikupona. Mimi kabla ya kompyuta nilikuwa gereji ya pikipiki. Lile bati la kuzuia matope juu ya gurudumu, Mzungu alilipa jina ambalo masikioni linaanza na ma-, tukalitamka madigadi. Mbele moja, nyuma moja, jumla madigadi mawili. Likivunjika la mbele? Unaenda dukani unaomba "digadi moja". Nimeuza digadi miaka mitatu bila kujua nauza neno lililokatwa kichwa.

#26 Popo wa Mchana

Nimekumbuka kitu cha kirusi, cha herufi ndogo. Kirusi cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta za aina ya IBM kiliitwa Brain, mwaka 1986. Walikiandika ndugu wawili wenye duka la kompyuta Lahore, Pakistan, na ndani yake wakaweka majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Mdudu anaingia kwako na kitambulisho mkononi.

#27 Chumvi ya Mawe

Siku hizi anakuja na ujumbe "ile pesa tuma kwenye namba hii".

#28 Binti Mkunazini

Mmesema namba za simu. Nani anajua *simu* ni nini?

#29 Popo wa Mchana

Ni ile ninayoikodolea macho badala ya kufanya kazi.

#30 Binti Mkunazini

Ni Kiajemi. Siim kwao ni fedha, ile madini, na ni waya pia. Sisi tuliipata zama za telegrafu, "kupiga simu" ilikuwa kupeleka habari kwa njia ya waya. Kwa hiyo ukitafsiri mzizi kwa mzizi, mtu akisema ana "simu isiyo na waya" anasema ana waya usio na waya.

Na ile kadi ndogo ya SIM tunayoitia ndani haina uhusiano nayo hata chembe. Hicho ni kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza, yanahusu kumtambua mteja. Wamekutana tu, mmoja kutoka Uajemi, mmoja kutoka Ulaya, wakalala kitanda kimoja.

#31 Popo wa Mchana

Nyamazeni kidogo, nabadilisha sahihi yangu.

*Imetumwa kwa waya usio na waya*

#32 Mwalimu wa Zamu

Bi Mkunazini, hiyo ya simu nitaitumia kesho asubuhi kidato cha pili.

Maadamu mmekaa mkao wa kujifunza, nami nitoe langu. Hesabuni siku za wiki. Jumamosi: mosi, moja. Jumapili: pili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: tatu, nne, tano. Vizuri. Inayofuata ni Alhamisi. Hiyo ni Kiarabu, khamsa, maana yake TANO. Wiki yetu ina siku mbili za tano, zimefuatana, na hakuna ya sita.

#33 Fundi Bisibisi

Subiri. Subiri kwanza.

Wiki ina hitilafu?!

#34 Mwalimu wa Zamu

Haina hitilafu, ina hesabu mbili. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, kwao ndiyo siku ya kwanza, ukifika ya tano ni Alhamisi. Sisi tulianza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, ndiyo Jumamosi, na ya tano ikawa Jumatano. Tukachanganya: tano za kwanza kwa hesabu yetu na maneno yetu, kisha Alhamisi na Ijumaa tukazichukua nzima nzima kutoka kwao. Kila mmoja yuko sahihi kwa pa kuanzia pake.

#35 Popo wa Mchana

Mimi ni mwandika programu, hili nalijua kwa uchungu. Kuna lugha za kompyuta zinazohesabu kuanzia sifuri na nyingine kuanzia moja, na ukizichanganya unakosea kwa moja. Nusu ya nywele zangu imeishia hapo. Kumbe babu zangu walishalifanya kosa hilo kwenye kalenda, na limekaa karne na karne, na hakuna aliyelalamika.

*Imetumwa kwa waya usio na waya*

#36 Kokwa la Embe

Wengine wanakosea kwa moja. Waswahili tunakosea kwa sita. Saa moja asubuhi, kompyuta inasema 7. Rafiki yangu aliweka kikumbusho cha usaili wa kazi "saa 3", akimaanisha saa tatu asubuhi. Simu ikamwamsha saa tisa alasiri, kwa uaminifu mkubwa.

Na sita yenyewe si yetu. Sita, saba, tisa ni za Kiarabu. Katikati kabaki nane peke yake, Mbantu kazungukwa. Zamani tulikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Mfungate hakufa kabisa: *fungate*, zile siku saba za maharusi.

#37 Chumvi ya Mawe

Kwa hiyo fungate ya wiki mbili ni kosa la hesabu. Mke wangu asisome hapa.

#38 Fundi Bisibisi

Mmenifumbua jambo. Mnajua kwa nini ile laptopu niliposoma saa yake sikushtuka? Kwa sababu ilikuwa sahihi! Moscow na sisi tuko mstari mmoja wa saa, masaa matatu mbele ya London ya baridi. Ingekuwa mpwa anasoma China, saa ingenistua papo hapo.

Ila hapohapo fikirieni: mama na mpwa wanapigiana simu, ni wakati uleule mmoja, dogo kishazoea ya huko anasema saa nane, mama anasema saa mbili. Wote hawajadanganya.

#39 Jamaa wa Nai

Nimeangalia hii uzi tangu asubuhi, bosi anadhani natengeneza tovuti. Ukweli ni kwamba natengeneza tovuti, na nikaona nishare: ile programu ya Joomla, ya kutengenezea tovuti, jina lake ni Kiswahili. Ni jumla. Wakaiandika kwa kimombo ili isomeke hivyo. Ilizaliwa 2005, wakati waandishi wake walijitoa kwa programu nyingine iliyoitwa Mambo.

#40 Chumvi ya Mawe

Walitoka Mambo wakaenda Jumla. Hawakupita hata Poa.

#41 Popo wa Mchana

Kariakoo kungekuwa na Joomla na Rejareja.

Nyingine ya haraka: Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao. Aliyeubuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, akauzindua London 1983. Jina ni amri: jenga! Na mchezo mzima ni watu wazima wakingoja ubomoke.

*Imetumwa kwa waya usio na waya*

#42 Binti Mkunazini

Na *wiki*? Sisi ni siku saba. Lakini ile ya Wikipedia imetoka Hawaii, wiki wiki kwao ni haraka haraka. Aliyeanzisha tovuti ya kwanza ya namna hiyo alilipenda jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu.

#43 Chumvi ya Mawe

Yaani Hawaii wiki ni haraka. Kwa fundi wa kwetu wiki ni "pitia Jumatatu".

@Fundi Bisibisi sijakutaja.

#44 Fundi Bisibisi

Umenitaja.

#45 Mwalimu wa Zamu

Mrejesho kutoka darasani. Simu imepokelewa vizuri sana. Siku mbili za tano zimeleta vurugu, mwanafunzi mmoja akadai kwa kuwa Alhamisi ni Jumatano ya pili, kipindi chake cha mtihani kisogezwe. Nikawaeleza pia mswaki. Kisha mtoto wa mbele, mtulivu siku zote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na chaki? Mbona wingi si vyaki?"

Nikamwambia tutaendelea wiki ijayo.

Samahani nimechelewa kuandika, palikuwa na foleni pale kipilefti.

#46 Kokwa la Embe

PALE WAPI?

#47 Binti Mkunazini

Kaka yangu.

#48 Popo wa Mchana

Piga picha ya skrini kabla hajafuta 😂😂😂

*Imetumwa kwa waya usio na waya*

#49 Mwalimu wa Zamu

Sifuti. Pana foleni, na mahali pana jina. Sasa mlitaka niseme nini, "pale kwenye makutano ya mviringo yenye kuelekeza magari kushoto"? Daladala ingekuwa imeshaondoka.

#50 Jamaa wa Nai

Sisi husema raundabauti. Uhuni pia, lakini hauna watoto.

#51 Fundi Bisibisi

Wakuu, samahani kuwakatiza. Yule mama kapiga simu sasa hivi.

"Mwanangu, kimerudi."

Nikatazama chaki yangu ukutani, nikamuuliza kitaalamu: "Mama, kiko kimoja au viko vingi?"

Kimya. Kisha: "Mwanangu, mimi nitavihesabuje? Ila nikibonyeza Z inanitolea R imegeuka, inatazama nyuma."

Menyu niliirudisha, kibodi ya mpwa nikaisahau humo ndani. Kagusa vitufe viwili kwa bahati mbaya, ikaamka. Nimemwambia alete, na safari hii nitaiwasha kwanza.

#52 Chumvi ya Mawe

Elfu kumi tena?